Betri, Kiwanda cha Zinki na Dakika Tano

Mwombe mtu anayefuatilia mambo ya nishati akutajie betri moja tu ya gridi, na kwa kiasi kikubwa atakutajia ile ya Australia Kusini. Utasimuliwa habari za Elon Musk, Twitter na siku 100. Ni kisa kitamu, na karibu chote ni kweli. Leo lakini nataka tukitazame kwa upande ambao hausimuliwi sana, upande wa kanuni. Betri haiishi kwa kemia peke yake, inaishi kwa malipo, na namna ya kulipwa inaandikwa na watu ofisini. Wakiandika vibaya, betri nzuri kuliko zote duniani inabaki pale shambani kama kontena la mtumba lisilo na mnunuzi.

Twende moja kwa moja Jumatano, tarehe 28 Septemba 2016. Dhoruba kubwa imeingia Australia Kusini, jimbo ambalo mji wake mkuu ni Adelaide. Tonado mbili zinaangusha minara ya njia za msongo wa kilovolti 275, katika sehemu mbili zilizoachana kwa karibu kilomita 170. Ndani ya dakika mbili volteji ya gridi inayumba mara sita. Mashamba tisa ya upepo yanapunguza uzalishaji wake na megawati 456 zinapotea kwa muda usiofika sekunde saba. Jimbo linalazimika kuvuta umeme wote uliopungua kutoka kwa jirani, Victoria, kupitia njia kuu ya Heywood. Njia ile inazidiwa, kinga yake inaikata, na kufumba na kufumbua jimbo zima liko gizani. Ilikuwa bado hata saa kumi alasiri. Wateja wapatao 850,000 hawakuwa na umeme.

Wakenya waliokaa gizani usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukakosa taa, hawahitaji kuelezwa zaidi hapo.

Kesho yake tu siasa ilishaanza. Mei mwaka ule ule kituo cha mwisho cha makaa ya mawe cha jimbo, kilichoitwa Northern, kilikuwa kimefungwa, na sehemu kubwa ya umeme wa jimbo sasa ilitoka kwenye upepo. Waziri mkuu wa nchi, Malcolm Turnbull, akayashutumu majimbo kwa kujiwekea malengo makubwa mno ya nishati jadidifu. Serikali ya jimbo, chini ya Jay Weatherill, ikasema: jamani, minara imeanguka, mnalaumu upepo wa nini? Wachunguzi walipomaliza kazi yao, jibu halikuufurahisha upande wowote. Mitambo ya upepo ilikuwa na mpangilio ndani ya mifumo yake ya kujilinda: volteji ikiyumba zaidi ya idadi fulani ya mara ndani ya muda fulani, punguza nguvu au jitoe. AEMO, ambaye ndiye mwendeshaji wa soko na gridi, hakujua kwamba mpangilio huo upo. Upepo wenyewe ulikuwepo wa kumwaga. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza swali moja kabla. Na kama hiyo haitoshi, vituo viwili vilivyokuwa vikilipwa kwa mkataba ili viamshe gridi ikizimika kabisa, vyote viwili vilishindwa kuiamsha siku ile.

Hebu tusimame kidogo kwenye fizikia, maana bila hiyo hutaelewa betri iliingiaje hapa. Gridi ya Australia, kama yetu, inazunguka kwa Hz 50. Ifikirie kama daladala iliyojaa inayopanda mlima kwa mwendo ambao hautakiwi kubadilika. Mzigo ukiongezeka ghafla, au silinda moja ikifa, mwendo unashuka, na dereva asipokanyaga mafuta mara moja gari linazimika. Kwenye gridi, mwendo ndio frikwensi. Kituo kikubwa kikijikata, frikwensi inaanza kushuka papo hapo. Vituo vya gesi na vya makaa vinaweza kuongeza nguvu, ila vinachukua sekunde kadhaa, kwa sababu kuna vali za kufungua na mvuke wa kusukuma. Betri haina vali. Kinachofanya kazi ni vifaa vya kielektroniki vinavyogeuza umeme, na hivyo vinaitika ndani ya sehemu ndogo ya sekunde.

Februari 2017 joto kali likapiga Adelaide, umeme haukutosha, na wateja wapatao 90,000 wakakatiwa makusudi ili gridi isizimike tena. Ndipo Machi mwaka ule mfanyabiashara wa programu za kompyuta, Mike Cannon-Brookes, akamuuliza Musk kwenye Twitter kama kweli kampuni yake inaweza kulimaliza tatizo hili kwa betri. Musk akajibu kwamba ataifunga ndani ya siku 100 tangu mkataba usainiwe, akichelewa ni bure. Siku chache baadaye serikali ya jimbo ikatangaza mpango wa dola za Australia milioni 550, betri ikiwemo, na zabuni ikafunguliwa. Wakajitokeza waombaji wapatao 90. Mwezi Julai ushindi ukaenda kwa Neoen, kampuni ya Ufaransa iliyokuwa na shamba la upepo huko Hornsdale, karibu na mji mdogo wa Jamestown, ikishirikiana na Tesla.

Kuhusu zile siku 100, kuna jambo dogo la kuchekesha. Saa ilianza kuhesabiwa mwishoni mwa Septemba, makubaliano ya kuunganishwa na gridi yaliposainiwa, na wakati huo karibu nusu ya betri ilikuwa imeshasimikwa. Si uongo, ila ni kama fundi anayekuambia atakujengea nyumba kwa mwezi mmoja, mwezi wenyewe unaanza kuhesabiwa baada ya kufika kwenye linta. Tarehe 1 Desemba 2017 betri ikaanza kazi rasmi: megawati 100, megawati-saa 129, kubwa kuliko betri yoyote ya lithiamu duniani kwa wakati ule. Kabla ya hapo Scott Morrison, waziri wa fedha wa nchi, alishaibeza kwa kuifananisha na ndizi kubwa na kamba mkubwa, yale masanamu ya barabarani ambayo Waaustralia huwajengea watalii wapige picha.

Sasa angalia jinsi mkataba ulivyoigawa betri hii, maana hapa ndipo watu wa sera walipotumia akili. Megawati 70 zilitengwa kwa ajili ya serikali, kulinda usalama wa gridi, zikiwa na akiba ya megawati-saa 10 tu. Zilizobaki, megawati 30 zenye megawati-saa 119, zilikuwa za Neoen kufanyia biashara: nunua umeme ukiwa rahisi, uza ukiwa ghali. Serikali ikakubali kulipa hadi dola milioni 4 kwa mwaka kwa miaka 10. Unaona tofauti ya mahitaji? Usalama wa gridi unataka nguvu nyingi kwa dakika chache. Biashara inataka nguvu ya wastani kwa saa kadhaa. Sanduku lile lile, kazi mbili, malipo mawili.

Wiki mbili hazijaisha, usiku wa tarehe 14 Desemba, ikikaribia saa nane, mtambo mmoja wa kituo cha makaa cha Loy Yang kule Victoria ukajikata na megawati 560 zikatoweka. Uko mbali na Hornsdale, karibu kilomita 1,000. Frikwensi ya gridi nzima ya mashariki ikashuka hadi Hz 49.80. Betri ikaitika mara moja na kumwaga megawati 7.3, kabla ya mtambo mwingine, kule Gladstone, uliokuwa ukilipwa kwa kazi hiyo. Magazeti yakashangilia kana kwamba betri ndiyo iliyoiokoa nchi. Tuseme ukweli: megawati 7.3 mbele ya 560 ni kijiko cha maji kwenye pipa. Kilichowagutusha wataalamu ni kasi. Na pale wakagundua jambo la aibu kidogo, kwamba soko halikuwa na malipo ya kasi hiyo. Huduma ya haraka kuliko zote iliyokuwa ikinunuliwa wakati huo ilikuwa ya sekunde 6. Ukiitika kwa robo ya sekunde au ukiitika kwa sekunde 6, bei ni ile ile.

Palipokuwa na malipo, betri ilifanya vurugu. Kulikuwa na kanuni kwamba, pale Australia Kusini inapokuwa hatarini kutengana na gridi nyingine, huduma ya kurekebisha frikwensi yenye megawati 35 lazima itoke ndani ya jimbo lenyewe. Wauzaji walikuwa wachache, wote wa gesi. Unaijua biashara ya namna hiyo: duka moja kijijini, sukari inauzwa kwa bei ya mwenye duka. Bei ilikuwa ikiruka hadi zaidi ya dola 11,000. Januari 2018 hali hiyo ikajirudia, safari hii duka la pili likiwa limefunguliwa, na bei ikaishia karibu na dola 270.

Hapa wanaingia washauri elekezi. Mwaka mmoja baada ya kuzinduliwa, kampuni ya uhandisi ya Aurecon ilitoa ripoti kwamba betri imechangia kupunguza gharama za huduma hiyo jimboni kwa karibu dola milioni 40 katika mwaka 2018. Namba ile ikazunguka dunia. Mpaka leo ukisoma andiko la mradi wa betri, haijalishi la nchi gani, Hornsdale haikosi. (Kwa wanaopenda nasaba: Aurecon ilizaliwa mwaka 2009 kwa kuungana kwa kampuni ya Australia na mbili za Afrika Kusini. Upande wa Afrika baadaye ulijitenga na sasa unaitwa Zutari.) Mimi sina shaka kwamba hesabu ilifanywa kwa uangalifu. Ila msomaji anapaswa kujua kwamba aliyeiagiza ripoti ni Neoen, mwenye betri, na pia kwamba "kuokoa" ni neno linalotegemea umesimama wapi. Dola milioni 40 alizookoa mteja ni dola ambazo vituo vya gesi havikuzipata. Na ni bei hiyo hiyo iliyoporomoka ndiyo inayomlipa mwenye betri. Betri ya kwanza inakula vizuri. Betri ya kumi inakuta sahani imelambwa. Mshauri anayechukua mapato ya Hornsdale ya mwaka wa kwanza na kuyabandika kwenye mradi mpya anamuuzia mteja wake sahani hiyo iliyolambwa.

Haya, tuje sasa kwenye zile dakika tano, ambazo kwangu ndizo kiini cha kisa chote.

Soko la umeme la mashariki mwa Australia lilianza Desemba 1998. Tangu siku hiyo kompyuta za soko zilikuwa zikipanga nani azalishe kiasi gani kila baada ya dakika 5, na kila dakika 5 zilikuwa na bei yake. Malipo lakini hayakufuata bei hiyo. Yalifuata wastani wa vipindi sita, yaani nusu saa. Kwa nini? Kwa sababu mita na kompyuta za miaka ile hazikuweza kuhimili hesabu nyingi kiasi hicho kwa gharama ya maana. Lilikuwa suluhisho la muda, na unajua mambo ya muda yanavyopenda kuzeeka.

Chukua mfano wa kijiwe cha bodaboda. Mvua inanyesha dakika tano, nauli inapanda kutoka shilingi 1,000 hadi 6,000. Mvua inakata, nauli inarudi 1,000. Halafu mwenyekiti wa kijiwe anatangaza kwamba malipo yatafuata wastani wa nusu saa, kama shilingi 1,800 kwa kila safari. Aliyelowa analipwa 1,800. Aliyejificha kibandani mpaka jua likatoka naye analipwa 1,800, na kwa kuwa anajua hivyo, mvua ikikata tu anakimbilia abiria kwa fujo zote.

Ndivyo ilivyokuwa sokoni, tena mbaya zaidi. Tuseme katika dakika tano za kwanza bei imefika dola 14,000 kwa megawati-saa, karibu na ukomo wa wakati ule. Vituo vyote vinajua kwamba wastani wa nusu saa hii umeshapanda. Kwa hiyo katika vipindi vitano vinavyobaki vinashusha bei zao hadi sakafuni, dola 1,000 chini ya sifuri, vipate tu nafasi ya kuzalisha. Piga hesabu: 14,000 toa 5,000 ni 9,000, gawa kwa 6, unapata 1,500. Betri iliyomwaga umeme ndani ya zile dakika tano ambazo gridi ilikuwa na shida kweli, inalipwa 1,500 badala ya 14,000. Kituo kilichowashwa dakika ya kumi, shida ikiwa imeshakwisha, kinalipwa 1,500 hiyo hiyo kwa umeme ambao hakuna aliyekuwa akiuhitaji.

Ungedhani aliyelalamika ni mtu wa betri. Wala. Alikuwa Sun Metals, kiwanda cha kusafisha zinki kule Townsville, Queensland, mwaka 2015, wakati Hornsdale hata haijaota. Kiwanda kama hicho kinakula umeme mwingi mno, na kinaweza kupunguza matumizi ghafla bei ikipanda. Kilichowaudhi ni kwamba wakijipunguzia mzigo kwa dakika tano za bei kubwa hawakuiona faida yake, kwa sababu wastani uliimeza. Wakaandika ombi kwa AEMC, tume inayotunga kanuni za soko: lipeni kwa dakika tano zile zile mnazopangia uzalishaji.

Ombi la kurasa chache, vita ya miaka miwili. Wenye vituo vya gesi walipinga. Hoja yao haikuwa ya kijinga, tuwatendee haki: mtambo wa gesi wa kuwashwa wakati wa shida hauwezi kuamka na kufika nguvu kamili ndani ya dakika tano, kwa hiyo utaikosa bei kubwa, na ukiikosa hauwezi tena kuuza ile mikataba ya kinga ya bei ambayo wauzaji wa rejareja wanaitegemea. Washauri elekezi wakaajiriwa kupiga hesabu za mikataba hiyo, na za gharama ya kubadili mita na mifumo ya kompyuta nchi nzima. Mwisho wake, tarehe 28 Novemba 2017, AEMC ikakubaliana na kiwanda. Angalia kalenda: siku tatu tu kabla ya Hornsdale kuzinduliwa. Dunia nzima ilikuwa ikitazama betri, na ni wachache waliousoma uamuzi uliokuwa unaenda kuamua betri zote zitakazofuata zitalipwaje.

Utekelezaji ulipewa zaidi ya miaka mitatu, kisha UVIKO-19 ukausogeza tena, na malipo ya dakika tano yakaanza tarehe 1 Oktoba 2021. Ile huduma ya kuitika haraka kuliko sekunde 6 nayo ilisubiri: soko la sekunde moja lilifunguliwa Oktoba 2023. Hesabu mwenyewe, tangu usiku ule wa Loy Yang hadi siku ambayo kasi ile ilipata bei yake ni karibu miaka sita. Kufunga betri, miezi michache.

Nisije nikakuacha unadhani betri ni malaika. Oktoba 2019 kituo kikubwa cha Kogan Creek, Queensland, kilijikata, na AEMO alipotazama rekodi akakuta Hornsdale haikutoa msaada ambao ilikuwa imeahidi sokoni na kulipwa. Mdhibiti akaifikisha mahakamani. Ikabainika kwamba kwa miezi kadhaa, kuanzia Julai hadi Novemba mwaka ule, betri ilikuwa ikijinadi kwa huduma ambayo isingeweza kuitoa kwa kiwango ilichoahidi. Mwaka 2022 mahakama ikaiamuru ilipe dola 900,000. Faini yenyewe si kubwa kwa biashara ya namna ile, ila kesi ilikuwa na maana. Kumbuka jimbo lilizimika 2016 kwa sababu ya mipangilio ambayo mwendeshaji wa gridi hakuijua. Miaka mitatu baadaye, betri iliyojengwa kutokana na giza lile ikawa nayo haifanyi kile ambacho mwendeshaji aliambiwa inafanya.

Kwa upande mwingine, tarehe 31 Januari 2020 dhoruba iliangusha minara upande wa Victoria na Australia Kusini ikabaki kisiwa cha umeme kwa zaidi ya wiki mbili. Taa hazikuzimika jimbo zima kama 2016. Hornsdale ilikuwa moja ya vilivyoishikilia frikwensi, na ilivuna vizuri siku hizo. Baadaye mwaka ule ikaongezwa hadi megawati 150.

Huku kwetu hakuna soko la dakika tano. Kenya na Tanzania zinanunua umeme kwa mikataba ya miaka mingi, na mkataba ndio unaosema nani analipwa kwa lipi. Kule Olkaria mahitaji yakishuka usiku, mvuke wa jotoardhi unaachiwa hewani. Kwa betri, umeme huo wa usiku ungekuwa kama wa bure. Lakini muulize mwenye betri swali la kiwanda cha zinki: nikiuhifadhi na kuurudisha saa mbili jioni, karatasi yako inanilipa nini? Kama mkataba unataja kilowati-saa peke yake, hautaji saa ya siku wala kasi ya kuitika, hapo hamna biashara.

Waaustralia wenyewe walichelewa hata kuamua betri ni kitu gani. Kwenye vitabu vya soko kulikuwa na wazalishaji na kulikuwa na wateja, basi. Betri inanunua na inauza, kwa hiyo Hornsdale ililazimika kusajiliwa mara mbili, upande mmoja kama kituo cha kuzalisha umeme na upande wa pili kama mteja, kana kwamba ni majirani wawili wanaotumia geti moja. AEMC ilipitisha kanuni ya kuwa na kundi moja linalozibeba kazi zote mbili mwezi Desemba 2021. Ikaanza kutumika Juni 2024, wakati betri ile ilikuwa na umri wa miaka sita na nusu.